Morogoro: Mgeni Aliyepewa Jembe

Ndugu msomaji, wenyeji wa Morogoro hupenda kuuita mji wao "mji kasoro bahari". Maana yao ni kwamba kila kitu kimo: milima imo, mito imo, matunda na mboga zimo, reli imo, na muziki uliowahi kuchezwa nchi nzima ulitoka humo. Kinachopungua ni bahari peke yake. Msafiri anayeingia kwa mara ya kwanza huanza kuyaamini maneno hayo kabla hajashuka, kwani Milima ya Uluguru humlaki tangu mbali, imesimama nyuma ya mji kama ukuta wa kijani ambao vilele vyake vimejifunika mawingu.

Kwa mfanyakazi wa Dar es Salaam safari hii si ndefu. Ni kilomita zisizofika 200. Reli ya Kati ya Wajerumani ilifika Morogoro mwaka 1907, na tangu Juni 2024 treni ya umeme ya reli mpya imekuwa ikiufikia mji huo kwa muda wa chini ya saa mbili au karibu na hapo. Familia inaweza kuondoka asubuhi na kurudi jioni, japokuwa ninawashauri mlale walau siku mbili. Tena tunao undugu na milima hii hata kama hatujawahi kuikanyaga. Mto Ruvu, unaonywesha sehemu kubwa ya Jiji la Dar es Salaam, hupata maji yake mengi kutoka Uluguru. Kila afunguaye bomba Ilala au Kinondoni amekwisha kuonja Morogoro.

Lakini makala haya hayatahusu mandhari peke yake. Morogoro ni mahali ambapo, kwa zaidi ya miaka 50, watu wa mataifa mbalimbali wamekuja kufundisha, kujifunza na kufanya kazi pamoja na wenyeji. Siku hizi tunasikia mara kwa mara kwamba mkataba fulani wa elimu umetiwa saini baina ya nchi yetu na nchi nyingine, kwa nia ya kuwapa vijana ujuzi wa kazi. Tunapiga makofi, halafu tunasahau. Yafaa basi twende mahali ambapo mikataba ya namna hiyo imekwisha kuzaa matunda au kushindwa kuyazaa, tuone kwa macho kilichobaki. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tutaitumia methali hiyo kama fimbo ya kutembelea.

SHAMBA LA MKONGE LILILOGEUKA SHULE

Tuanzie Mazimbu, nje kidogo ya mji. Hapo palikuwa na shamba la mkonge lililoachwa, likiwa na nyumba chakavu na magugu. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa lugha ya Kiafrikana. Walipigwa risasi. Katika miezi iliyofuata maelfu ya vijana walivuka mipaka na kukimbilia nchi huru za Afrika, wengi wao wakiwa hawajamaliza shule. Chama cha ANC, ambacho kilikuwa na ofisi zake Morogoro na kilikwisha kufanya hapa mkutano wake mashuhuri wa mwaka 1969, kikajikuta kina watoto wa kulea na kusomesha. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ikakipa shamba la Mazimbu.

Mwaka 1979 shule hiyo ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Mamelodi, karibu na Pretoria, aliyenyongwa na serikali ya Makaburu tarehe 6 Aprili mwaka huo akiwa na umri wa miaka 22. Oliver Tambo aliifungua rasmi Agosti 1985. Wakati huo Mazimbu ilikuwa imekwisha kuwa mji mdogo: shule ya chekechea, ya msingi na ya sekondari, mabweni, maktaba, hospitali, shamba la mazao na mifugo, karakana ya samani na ya ushonaji. Walimu na mafundi walitoka Afrika Kusini kwenyewe, nchi za Nordiki, Uholanzi, Ujerumani ya Mashariki na kwingineko. Watanzania nao walikuwapo kwa wingi wakijenga, wakilima na wakichunga mifugo.

Tafadhali, ndugu msomaji, utembee taratibu katika viwanja hivyo. Majengo ni ya matofali, yamepangwa kwa nafasi, na miti inayoyapa kivuli imekwisha kuwa mikubwa. Kila ukuta unaouona ulijengwa na mtu aliyekuwa anafundishwa au anayefundisha. Mwashi Mtanzania alisimama na mwiko wake kando ya kijana wa Kisoweto ambaye hakuwahi kushika timazi, na mhandisi wa kigeni akiwa na michoro mezani. Huo ndio ushirika wa elimu katika hali yake ya awali kabisa: hapana hotuba, kuna tofali juu ya tofali.

Mpango wa masomo ulichanganya darasa na kazi. Msomaji aliyesoma katika miaka ya 1970 atakumbuka mara moja Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ambayo iliitaka kila shule ya Tanzania iwe na shamba au karakana. Mazimbu nako mwanafunzi alitakiwa kushika kitabu na jembe. Hapo mgeni alipewa jembe kweli kweli, na chakula kingi cha jumuiya hiyo kilitoka katika shamba lake lenyewe.

Hata hivyo si haki kuyasimulia mazuri tu. Waliochunguza historia ya shule hiyo wameandika kwamba wanafunzi wengi hawakuipenda kazi ya mikono. Waliitamani mitihani ya Chuo Kikuu cha London, ambayo ndiyo shule iliyowaandalia, na ndoto yao ilikuwa nafasi ya masomo ng'ambo. Aliyeelekezwa kwenye ufundi alijiona ametupwa pembeni. Nitalirudia jambo hili mwishoni, maana halikuishia Mazimbu. Limo ndani ya nyumba zetu.

DAKAWA, NA AJALI YA APRILI

Kutoka Mazimbu tushike barabara ya Dodoma. Baada ya kilomita zipatazo 50, katika nchi tambarare ya Mto Wami, tunafika Dakawa. Mwaka 1982 serikali yetu iliongeza eneo hili kwa wakimbizi wa Afrika Kusini, kwa sababu Mazimbu ilikuwa imejaa. Hapa walipokewa wale waliohitaji kujiandaa kabla ya kuingia shule, na hapa ndipo mafunzo ya ufundi yalipokusudiwa kuota mizizi: ujenzi, useremala, umeme na kazi nyingine za mikono. Shirika la Norwegian People's Aid kutoka Norway lilikuwa miongoni mwa waliojenga.

Katika barabara hii hii, tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki dunia akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Gari lake liligongana na gari lililoendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini. Waliokuwa watu wazima siku ile hawajasahau kimya kilichoiangukia nchi. Mahali penyewe leo panaitwa Wami Sokoine.

Ninalikumbusha jambo hili kwa sababu moja. Ni rahisi kushirikiana na mgeni wakati mambo ni mema. Mtihani wa ushirika huja siku ya msiba. Taifa lililofiwa na kiongozi aliyependwa lingeweza kuwageuzia kisogo wageni wote wa Mazimbu na Dakawa. Halikufanya hivyo. Shule ziliendelea, ujenzi uliendelea, na mwaka mmoja baadaye Mazimbu ilifunguliwa rasmi kwa shangwe. Uvumilivu huo ni sehemu ya elimu ambayo wenyeji waliitoa bila kuiandikia mtaala.

Februari 1990 ANC iliruhusiwa tena kufanya siasa nyumbani, na wageni wakaanza kufunga mizigo. Julai 1992 Mazimbu na Dakawa zilikabidhiwa kwa Tanzania. Haikuwa kuondoka kwepesi. Ndoa zilikuwa zimefungwa na watoto wamezaliwa. Zipo familia zilizoondoka pamoja, na zipo zilizogawanyika. Walioaga dunia wakiwa uhamishoni walibaki katika makaburi ya Mazimbu, ambayo hutunzwa mpaka leo na ambayo kila mgeni anapaswa kuyapitia kwa heshima.

Na majengo? Mazimbu ilipewa Chuo Kikuu cha Kilimo, kile kilichoanzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Sokoine. Tazama jinsi historia inavyoyafuma mambo: shule iliyobeba jina la Mahlangu imo ndani ya chuo kinachobeba jina la Sokoine, na inaitwa Kampasi ya Solomon Mahlangu. Dakawa nako kumebaki kwenye elimu. Kuna shule ya sekondari na chuo cha ualimu. Kizazi baada ya kizazi cha watoto wa wakulima wa Kitanzania kimekalia madawati ambayo nchi nyingi zilichangia kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

CHUO CHINI YA MLIMA

Turudi mjini, tuelekee upande wa mlimani kwenye kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho watu hukiita SUA. Chuo hiki nacho ni mtoto wa ushirika uliovunjika na wa ushirika uliojengwa upya. Kuanzia mwaka 1963 Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Kilimo kilifundishwa Makerere, na utabibu wa mifugo Nairobi. Kijana wa Kitanzania aliyetaka kuwa bwana mifugo mwenye shahada hakuwa na budi kuvuka mpaka. Chuo hicho cha pamoja kilipovunjwa mwaka 1970, kila nchi ilibaki na sehemu yake, na Tanzania ikalazimika kukamilisha yaliyokosekana. Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimekwisha kuanzishwa Morogoro. Misitu ikafuata mwaka 1973 na utabibu wa mifugo mwaka 1976.

Katika kuijenga misitu na kilimo, Norway ilishirikiana na Morogoro kwa miongo kadhaa. Walimu wa kigeni walikuja kufundisha huku Watanzania wakipelekwa kusoma shahada za juu, ili warudi kushika nafasi za wageni hao. Msomaji azingatie utaratibu huo. Mwalimu wa kigeni anayekuja bila mwanafunzi wa kumrithi huondoka na ujuzi wake ndani ya sanduku lake la safari. Anayekuja akijua jina la atakayesimama mahali pake huacha chuo.

PANYA WALIOKWENDA UGHAIBUNI

Watoto wenu, ndugu msomaji, pengine hawatavutiwa na habari za vitivo. Wapelekeni basi kuwaona panya. Ndani ya SUA kuna kituo cha shirika la APOPO, lililoanzishwa na Wabelgiji na kukaribishwa Morogoro mwaka 2000. Ushirika huo uliwaunganisha wataalamu wa SUA na wa Chuo Kikuu cha Antwerp, ambao kwa pamoja walikuwa na ujuzi mkubwa wa tabia za panya. Kituo hupokea wageni.

Mwanafunzi wa hapa ni panya buku, yule mkubwa mwenye mkia mrefu ambaye mkulima humjua kama mwizi wa mahindi. Macho yake ni dhaifu, lakini pua yake ni ya ajabu. Wazazi wa kwanza wa ukoo wa shuleni walitegwa porini humu humu Morogoro. Mwalimu wake, ambaye mara nyingi ni kijana wa Kitanzania, huanza kumzoesha binadamu angali mdogo. Kisha humfunza kwamba akisikia mlio fulani mfupi atapata chakula, labda ndizi au karanga. Baadaye mlio huo hutolewa tu akinusa harufu ya baruti. Hatua kwa hatua, kwa miezi mingi, panya hujifunza kuikwangua ardhi juu ya bomu lililofukiwa. Uzito wake, unaozidi kilo moja kidogo, hauwezi kulilipua. Eneo lenye ukubwa wa kiwanja cha tenisi hulimaliza kwa nusu saa hivi, kazi ambayo mtu mwenye kifaa cha kupimia chuma anaweza kuifanya kwa siku kadhaa.

Panya hao na walimu wao walikwenda Msumbiji, nchi ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa imemaliza kuondoa mabomu yote ya ardhini yaliyojulikana. Walikwenda Angola. Walikwenda hata Kambodia, bara la Asia. Panya aliyeitwa Magawa, mzaliwa wa Morogoro, aligundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70 huko Kambodia, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu ya ushujaa na shirika la wanyama la Uingereza. Alikufa Januari 2022. Wenzake waliobaki nyumbani hunusa makohozi yaliyokwisha kupimwa katika kliniki, na huwagundua wagonjwa wa kifua kikuu ambao darubini haikuwaona.

Kwa miaka mingi tumezoea kufikiri kwamba ujuzi hutoka ng'ambo kuja kwetu, kama shehena ya meli. Hapa shehena inapakiwa Morogoro. Mkufunzi aliyezaliwa chini ya Uluguru husafiri kuwafundisha watu wa mataifa mengine kazi ambayo wao hawaijui, na mkulima wa Kambodia hulima shamba lake akiwa na miguu yake yote miwili. Wabelgiji walileta wazo, fedha na utafiti wao. Watanzania walileta ujuzi wa mnyama, subira na mikono. Bila upande mmoja, upande wa pili ungebaki na karatasi.

MBUZI WA MGETA

Siku ya mwisho tupande mlimani. Shika barabara ya Iringa, kata kushoto Sangasanga, pita Mzumbe na Mlali, halafu gari lianze kupanda kwa kona ambazo abiria wengi huzipitia kimya. Hewa inabadilika. Ukifika Mgeta utaona miteremko iliyokatwa ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikiwa na kabichi, karoti, njegere au viazi mviringo. Mboga hizo huteremshwa usiku kwa malori, na asubuhi ziko katika masoko ya Dar es Salaam.

Milima hii iliwahi kupewa elimu kwa amri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Hoja yenyewe haikuwa ya kipuuzi, maana miteremko ni mikali na mvua ni nyingi. Lakini mkulima hakuulizwa kama udongo wa shamba lake unafaa kwa matuta, wala nani angefidia siku zake za kazi. Mwaka 1955 watu wa Matombo, upande wa mashariki wa milima, waligoma na kuinuka, na mpango ukafa. Mwalimu asiyemsikiliza mwanafunzi hana shule, hata akiwa na askari.

Linganisha na mbuzi. Katika miaka ya 1980 SUA, kwa ushirikiano na Norway, ililetewa mbuzi wa maziwa wa Kinorway. Mwishoni mwa muongo huo walifikishwa kwa wakulima wa Mgeta, katika vijiji kama Nyandira, kwa sababu baridi ya mlimani iliwafaa wanyama wa nchi ya baridi. Mahali ambapo shamba ni dogo na limelala kwenye mteremko, ng'ombe wa maziwa ni mzigo mzito. Mbuzi hula majani yaliyokatwa ukingoni mwa ngazi, hukaa katika banda dogo, maziwa yake hunywewa na watoto, na samadi yake hurudi kwenye mboga.

Ila mbuzi wa kigeni si kitu bila maarifa. Mkulima alipaswa kujua kujenga banda lililoinuliwa ili mnyama asilale kwenye unyevu, kuchagua majani, kutambua ugonjwa mapema, kuweka kumbukumbu ya maziwa, na kuepuka kumpandisha mbuzi na ndugu yake. Wataalamu nao walipaswa kupanda mlima mara kwa mara kuuliza na kuandika waliyoyaona. Kutokana na shughuli hiyo wanafunzi wa SUA na wa Norway walipata shahada zao, na watoto wa Mgeta walipata kikombe cha maziwa. Hapa elimu iliyovuka mipaka ilifika mpaka jikoni, na hakuna askari aliyeisindikiza.

MASWALI YA KUULIZA

Sasa tunaweza kuzitazama habari za leo kwa macho makavu. Mwaka 2016 mpango wa Benki ya Dunia ulianzisha vituo 24 vya umahiri wa elimu ya juu katika nchi nane za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Viwili kati ya hivyo viliwekwa SUA, kimoja cha magonjwa yanayowaambukiza binadamu na wanyama, kingine cha udhibiti wa panya waharibifu na matumizi ya pua zao. Baadaye ulifuata mpango wa vyuo vya ufundi 16 vya Kenya, Ethiopia na Tanzania, kila kimoja kikiwa na fani yake ya kupokea hata wanafunzi wa nchi jirani. Kwetu zilichaguliwa fani za usafiri wa anga, tehama, ngozi na nishati jadidifu. Tusisahau kwamba kwa nchi yetu sehemu kubwa ya fedha za namna hii ni mkopo. Baba na mama wanaosoma gazeti hili watachangia kuulipa, na watoto wao pia.

Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza, na Morogoro imetupa maswali. Je, mgeni amepewa jembe, yaani anafanya kazi pamoja nasi, au anakaa hotelini akisoma taarifa? Je, yuko Mtanzania anayeandaliwa kushika nafasi yake? Mashine iliyoletwa itakapoharibika, yuko fundi wa hapa mwenye bisibisi, vipuri na ruhusa ya kuifungua? Mkulima au mfanyakazi ameulizwa anahitaji nini, au ameletewa matuta kama ya Matombo? Na mwisho, tumepewa nafasi ya kufundisha, kama wale walimu wa panya, au tunahesabiwa wanafunzi wa milele?

Lakini yapo maswali mengine ambayo hatuwezi kuwauliza mawaziri wala wafadhili, kwa sababu majibu yake yako sebuleni kwetu. Nilisema nitairudia habari ya vijana wa Mazimbu waliodharau ufundi. Sisi tunawatofauti vipi? Mtoto akikosa alama za kuendelea na kidato cha tano, tunasema kwa sauti ya msibani, "basi aende VETA". Tunamwambia mapema kwamba randa, patasi na mashine ya kuchomelea ni adhabu ya walioshindwa. Kisha paa likivuja tunamtafuta fundi mwaminifu mtaa mzima hatumpati. Hakuna mkataba wa kimataifa, hata uwe na saini ngapi, utakaomtoa fundi bora kwa mtoto ambaye wazazi wake wanamwonea aibu.

Ndiyo maana ninawasihi, ndugu msomaji, mwende Morogoro pamoja na vijana wenu waliomaliza kidato cha nne. Mazimbu waonyesheni kuta, wakague wenyewe kama zimenyooka. SUA wamwangalie kijana mwenzao anayemfundisha panya kazi itakayookoa miguu ya watu asiowajua. Mgeta wamwombe mama mwenye banda awaeleze kwa nini sakafu imeinuliwa kutoka ardhini. Watu hao wote ni walimu, na wengi wao hawana joho wala kofia. Kisha, katika treni ya kurudi, muulize kijana wako angependa mikono yake ijue kufanya nini. Umpe nafasi ajibu, na jibu lake lolote liwe, usilipokee kwa sauti ya msibani.